Dau Halijakosa Jina

Wapo miongoni mwetu wapenzi wa lugha wanaoshikilia kwamba Kiswahili kibaki na tenzi zake, na michezo ya kompyuta iachiwe Kiingereza. Nawapinga, na hoja yangu imetoka barazani kwangu Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, penye mitumbwi na mawese lakini pasipo farasi.

Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mchezo wa kale wa mbio za farasi, wa aina iliyochezwa miaka ya 1980 katika kompyuta za nyumbani kama ZX Spectrum: farasi wa vinukta wanavuka skrini, na mchezaji ameweka dau. Mbele ya jina la farasi mmoja paliandikwa 4/1. Akaniuliza, "Babu, hii ni tarehe?"

Sikucheka. Fedha zile zilikuwa za mchezo, lakini vijana wa rika lake huweka fedha za kweli kubashiri mechi, kwa simu hizo hizo.

Nilimweleza kwa Kiswahili kitupu. Hayo ni malipo ya nne kwa moja: ukiweka shilingi 10 ukashinda, utapata faida ya 40 na kurudishiwa dau lako. Tuseme farasi ni sita, wenye nafasi sawa. Katika mbio sita utatoa 60. Kwa wastani utashinda mara moja tu, upokee 50. Shilingi 10 zimebaki kwa mwenye kamari. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe tunaliwa polepole."

Dau, kamari, uwiano, bahati nasibu, kuliwa: yote tunayo. Spectrum ilitoka mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48. Maneno ya mchezo wake hayakuweza kuwa mengi. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuyaandika.

Zamani tulikuwa na udhuru. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta, na watoto wa Uingereza walipokuwa wakicharaza programu, sisi mashine hatukuwa nazo. Leo mashine imo mfukoni mwa mvuvi.

Tumebishana miaka mingi kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mabishano hayo hayajamfundisha mtoto yeyote kusoma 4/1. Enyi washairi, anayejua kupanga mizani nane kwa nane hashindwi kueleza nne kwa moja.