Kituo Kimehama: Nani Aliambiwa?

Kijijini mahali pa kupigia kura pakibadilika, mama akitoka kisimani amekwisha kusikia habari, na kabla ya jua kutua kila nyumba yajua. Mjini sivyo. Katika mji wa watu milioni, mpangaji hamjui hata jirani yake wa ukuta wa pili. Aondoka alfajiri, arudi usiku. Siku ya uchaguzi ikifika, mtu huyu aenda moja kwa moja pale alipopigia kura zamani. Akikuta mlango umefungwa, atafanya nini?

Watu wawili wa elimu, Henry Brady na John McNulty, walilichunguza jambo hili huko Los Angeles, katika Marekani. Mwaka 2003 raia wa jimbo la California waliitwa kwa haraka kuamua kama gavana wao, Gray Davis, aondolewe kabla ya muda wake kwisha. Kura ilipigwa tarehe 7 Oktoba, na matayarisho hayakupata hata miezi mitatu. Basi wakuu wa uchaguzi wa Los Angeles waliunganisha vituo: vingi vilifungwa, na wachaguzi wake wakapelekwa kwingine, lakini wengine walibaki na kituo chao cha zamani. Hivyo wachunguzi waliweza kulinganisha watu wa namna mbili katika uchaguzi mmoja. Matokeo waliyatoa mwaka 2011. Kati ya waliohamishwa, waliofika kituoni walipungua kwa 3.03 katika kila mia. Wengine walituma kura kwa posta, wakarudisha 1.18. Hasara iliyobaki ni 1.85 katika kila mia.

Mtu atasema: ni kidogo. Sikubali. Katika wachaguzi 100,000 hao ni watu 1,850, na viti vingi vimepatikana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Tena tuangalie sababu. Umbali ulikuwa na sehemu yake, lakini si umbali peke yake. Taabu ya kutafuta mahali papya nayo iliwarudisha watu nyumbani. Na kumbukeni kwamba huko wakati ule mchaguzi alitumiwa kwa posta karatasi iliyotaja kituo chake! Karatasi hufika, huwekwa juu ya meza pamoja na barua nyingine, na miguu hufuata njia iliyoizoea.

Je, ilikuwa hila? Wachunguzi hawakuona dalili kwamba wafuasi wa chama kimoja walihamishwa kuliko wa chama kingine. Lakini nani asiyeona kwamba mkuu mwenye nia mbaya angeweza kufanya kazi yake bila kumpiga mtu fimbo, bila kufuta jina hata moja? Kuhamisha mlango kwamtosha. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 1965 juu ya haki ya kura ililazimisha majimbo na wilaya fulani, hasa zile zilizokuwa zimewanyima Weusi kura, kuomba kibali cha serikali kuu kabla ya kuhamisha kituo. Mwaka 2013 korti kuu ilikitangua kipimo kilichotaja ni majimbo gani yatafungwa na sharti hilo, nalo likakosa nguvu. Katika uchaguzi wa Machi 2016, wilaya ya Maricopa, wenye mji wa Phoenix, ilifungua vituo 60 tu, ambapo mwaka 2012 vilikuwa 200. Kuna waliosimama mstarini saa tano.

Hata pasipo hila mambo huharibika. Mjini Milwaukee, tarehe 7 Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wasimamizi wengi hawakupatikana, na vituo vipatavyo 180 vikawa 5. Tena siku moja kabla, gavana aliahirisha uchaguzi, na korti ya jimbo ikaitangua amri yake siku ile ile. Aliyelala mapema aliamka bila kujua kama kuna kura, wala ni wapi.

Kwetu Kongo jambo hili si geni. Tarehe 28 Novemba 2011, wengi mjini Kinshasa walizunguka toka kituo hata kituo, kadi mkononi, wakitafuta majina yao katika orodha. Mahali pengi orodha zilikuwa zimebandikwa kwa kuchelewa. Kijana mwenye nguvu hutembea vituo vitatu. Bibi mwenye magoti mabovu hurudi nyumbani baada ya kile cha kwanza.

Kwa hiyo redio haitoshi, wala tangazo moja ukutani mwa ofisi. Habari itolewe majuma kadhaa kabla, itaje kituo cha zamani na kipya kwa majina yanayojulikana na watu: shule fulani, karibu na soko fulani. Itangazwe sokoni na mlangoni mwa makanisa, na mkuu wa mtaa apite nyumba kwa nyumba. Nanyi wanafunzi, ambao mara nyingi madarasa yenu ndiyo yanayogeuzwa vituo, orodha ikibandikwa wasomeeni wazee wasiojua kusoma.

Na siku yenyewe, tangu kufunguliwa hata kufungwa kwa kura, mtu mmoja aketi mbele ya mlango wa zamani, mwenye orodha ya vituo vipya, amwonyeshe njia kila atakayefika.