Kufuga si kufunga: Somo kutoka kwa chungu wa Naivasha

NDUGU msomaji, huenda unakumbuka kisa kilichowafanya Wakenya wengi kucheka mnamo Aprili 2025. Maafisa waliingia katika nyumba ya wageni mjini Naivasha wakawapata vijana wawili kutoka Ubelgiji wakiwa na chungu wapatao 5,000. Hawakuwa na pembe za ndovu wala ngozi ya chui. Walikuwa na chungu, wadudu ambao sisi huwafagia jikoni bila kuwatazama mara mbili. Walikuwa wametiwa ndani ya mirija midogo iliyozibwa kwa pamba ili wabaki hai safarini.

Kicheko kilikoma Mei 7. Mahakama iliwatoza faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12 jela. Raia wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliopatikana na chungu wapatao 400 katika kesi nyingine, walipata adhabu iyo hiyo. Ndipo swali likazuka kwenye matatu na hata nje ya makanisa baada ya ibada: milioni nzima kwa sababu ya chungu?

Tulielewe jambo lenyewe kwanza. Ng'ambo wapo watu wanaofuga chungu ndani ya visanduku vya kioo, wakifurahia kuwatazama wakichimba vijia na kulea watoto wao. Miongoni mwa wanaotafutwa sana ni chungu wetu wakubwa wekundu, ambao wanasayansi huwaita Messor cephalotes. Hawa hukusanya mbegu za nyasi na kuziweka akiba chini ya ardhi. Mbegu nyingine huanguka njiani zikaota, na mashimo yao huipa ardhi hewa.

Anayewindwa hasa ni malkia. Msimu wa mvua yeye huruka, hupandwa, kisha hushuka na kukata mabawa yake. Huchimba shimo, hujifungia humo peke yake, na hulea watoto wa kwanza kwa akiba iliyo mwilini mwake. Kichuguu kizima hutoka kwa mama huyo mmoja. Kwa hivyo anayemtia malkia ndani ya mrija hajachukua mdudu mmoja. Amehamisha kijiji ambacho hakijazaliwa.

Hapa ndipo Maandiko yanapotushika mkono. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 kuna amri ambayo wengi huipita haraka. Ukikuta kiota njiani, mama akiwa ameyalalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na watoto wake. Mwache mama aende zake. Mungu anaambatanisha amri hiyo na ahadi ya kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi inayofanana na ile ya kuwaheshimu wazazi.

Tazama hekima yake. Torati haikumkataza mwenye njaa kula mayai. Ilimkataza kuziba chemchemi. Mungu ametupa kutumia viumbe vyake, lakini ameweka mpaka, na mpaka huo unapita mlangoni pa kiota kidogo ambacho hakuna askari anayekilinda.

Kuna anayesema: Mhubiri, watu wana njaa, karo haijalipwa, nawe watuhubiria habari za chungu? Ni swali la haki. Lakini kumbuka jinsi Yesu alivyowafariji waliokuwa na hofu katika Luka 12. Alitaja shomoro, ndege waliouzwa watano kwa vijisenti viwili, akasema hakuna hata mmoja anayesahauliwa na Mungu. Kisha akasema ninyi ni bora kuliko shomoro wengi. Faraja yetu imejengwa juu ya shomoro huyo. Tukisema Mungu hana habari na viumbe vidogo, tumeukata mti ambao tumeukalia.

Sasa tugeukie nyumbani, maana ni rahisi kuwanyooshea vidole wageni wenye mirija. Katika Kiswahili, kufuga na kufunga hutenganishwa na herufi moja tu. Anayefuga humpa mnyama chakula, maji, kivuli, nafasi ya kujinyoosha na tiba anapougua. Anayefunga hutaka tu mnyama awepo kwa faida yake. Mithali 12:10 inatuambia kwamba mwadilifu huyajali maisha ya mnyama wake. Kwa hivyo haki ya mtu haipimwi kanisani pekee. Hupimwa pia zizini.

Naungama mbele yako. Kwetu tulikuwa na mbwa aliyefungwa kwa mnyororo mchana kutwa, na usiku tukisahau, alikesha hapo hapo. Alikuwa amechimba duara kwa miguu yake kuuzunguka mti. Nilipita hapo miaka mingi nikienda kanisani na Biblia kwapani, na sikuliona duara hilo hadi mtoto aliponiuliza mbwa amekosa nini. Sikuwa na jibu.

Je, kuku wanaoning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda hadi sokoni wamekosa nini? Na punda anayechapwa akiwa na kidonda mgongoni? Hawa hawana hakimu wa kuwasikiliza, na wanaowatesa si wageni. Ni sisi, waumini wa Jumapili.

Simwambii mtu aache kufuga. Yesu mwenyewe, katika Luka 13:15, aliwakumbusha wakuu wa dini kwamba hata siku ya Sabato wao humfungua ng'ombe au punda na kumpeleka kunywa maji. Alichukulia kwamba kila mwenye mnyama hujua wajibu huo. Je, angetukuta sisi tukiujua?

Leo utakaporudi kutoka ibadani, kabla ya kuketi mezani, zunguka boma lako. Angalia chombo cha maji kama kina maji. Angalia urefu wa kamba, ukubwa wa kizimba, na hali ya mgongo wa punda. Palipo na duara ardhini, fungua mnyororo. Mithali 6 inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze hekima, nasi twaweza kumwendea tukajifunze, kisha tumwache kwake shambani na mama yake.

Uwe na Jumapili yenye baraka.