Mapazia ya Mikanda Si Dawa ya Joto

Kadiri majengo ya vioo yanavyoongezeka mijini mwetu, ndivyo yanavyoenea mapazia ya mikanda, yaani yale ya vipande virefu vya kitambaa au plastiki vinavyoning'inia wima kutoka kwenye reli. Ofisi za umma nazo huyanunua. Yafaa basi tuyapime kwa haki, kwani fedha zinazotumika ni za wananchi.

Faida zake hazipingiki. Mtumishi akivuta kamba, mikanda hugeuka, naye akapata mwanga wa kusomea bila kuumizwa macho na jua. Vumbi halitui juu yake kama litulivyo juu ya vibao vya kulala. Mkanda mmoja ukiharibika, hubadilishwa huo peke yake. Tena katika mji kama Kampala, ulio karibu sana na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, hata upenu wa nyumba usiweze kulizuia lote. Hapo mikanda hufaa kweli.

Hata hivyo, mwanga ni jambo moja na joto ni jingine. Pazia likiwa ndani, jua limekwisha kupenya kioo. Hulipasha pazia, na sehemu kubwa ya joto hilo hubaki chumbani. Dirisha likifunguliwa, upepo huigonganisha mikanda kwa kelele. Matokeo yake watu hulifunga, wakawasha mashine ya kupoza hewa, na gharama ya umeme ikapanda.

Hatari kubwa zaidi ni kamba yenye kitanzi, ambayo yaweza kumnyonga mtoto mdogo. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 2018 ilitaka mapazia yanayouzwa yakiwa tayari yasiwe na kamba ambazo mtoto aweza kuzifikia. Zahanati na shule zetu hazina budi kuzingatia jambo hilo: kamba ikazwe ukutani, au yachaguliwe mapazia yasiyo na kamba.

Kwa hiyo, wanaochora majengo ya umma waanze na nje: madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, upenu uwe mpana, na miti ipandwe upande wa magharibi. Baada ya hapo mapazia yanunuliwe, yafanye kazi yake ya kupunguza mwanga. Kinga ni bora kuliko tiba.