Maonyesho ya Sayansi ya Watoto Wetu Yaanzie Ghalani

Wakulima wenzangu,

Kila mwaka watoto wetu wa shule za sekondari huchukua mbao zao za maelezo, chupa zao na nyaya zao, wakaenda kushindana katika maonyesho ya sayansi. Huanza shuleni, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda nzima, na walio bora huendelea hadi taifa. Zamani mashindano haya yaliitwa Kongamano la Sayansi. Siku hizi yaitwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya. Jina limebadilika, lakini sisi wazazi wa skimu bado twayatazama kwa mbali, kama watu wanaopita kando ya arusi ambayo hawakualikwa.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu. Kwa hiyo nimeyaona mambo haya kwa pande mbili. Maoni yangu ni kwamba maonyesho haya ni mali ya mkulima sawasawa na yalivyo mali ya mwalimu, na mkulima asipoyashika yatabaki kuwa mahali pa kutafutia cheti tu. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Chupa, chumvi na mahindi ya baba

Mwaka mmoja wasichana wawili wa skimu yetu hapa Lugari walikuja ofisini pamoja na mwalimu wao. Walitaka kujua kama mkulima asiye na mashine anaweza kutambua mahindi yaliyokauka na yale ambayo bado yana maji. Njia waliyoichagua si ngeni kwa mabwana shamba. Watwaa chupa ya kioo iliyo safi na kavu, watia mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa, waongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, wafunga na kuitikisa kwa muda wa dakika moja, kisha waiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo kwa ndani, mahindi hayo yana maji zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Chumvi ikianguka chini bila kushika, yamepungua chini ya hapo.

Walichukua mahindi kidogo kutoka nyumba 12 za jirani, wakayapima kwa chupa, kisha wakaja kuyapima kwa mashine yetu ya unyevu ili waone kama chupa yasema kweli. Afisa wa Kilimo alikubali, na mimi nikasimama kando na daftari. Katika nyumba 7 chumvi ilishika. Mashine nayo ikasema vile vile.

Mmoja wa wasichana hao, nyumba yao ilikuwa katika hizo 7. Baba yake ni mzee ninayemheshimu, ambaye babake alipata shamba hapa wakati wa ugawaji wa miaka ya 1960. Watoto waliposhinda katika kaunti, habari zilimfikia. Alikataa kutia sahihi karatasi ya ruhusa ya kwenda kwenye kanda, na nauli akakataa kuitoa. Mwalimu wao aliniomba tufuatane nyumbani.

"Bwana Karani," mzee aliniambia hata kabla hatujaketi, "mtoto huyu ameniaibisha. Amekwenda kutangaza mbele ya watu kwamba mimi nahifadhi mahindi mabichi."

"Mzee," nikamjibu, "jina lako halimo ubaoni. Nyumba zote zimeandikwa kwa nambari."

"Nambari nne ni nani? Kila mtu katika kijiji hiki ajua ni nani."

Sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Hapo binti akaingia na chupa yake, akapiga goti, akasema, "Baba, naomba uchague mahindi wewe mwenyewe, na uitikise wewe mwenyewe." Mzee alikaa kitambo, kisha akaenda ghalani, akatia mkono katikati ya gunia, akarudi. Alitikisa, tukangoja. Chumvi ilishika kioo pande zote. Mkewe, ambaye tangu tuingie hakuwa amenena neno, akasema polepole, "Nilisema tangu Januari kwamba magunia ya chini yana joto."

Asubuhi yake turubai lilitandazwa uani na mahindi yakaanikwa. Magunia matatu ya chini yalikuwa yameingia kuvu. Mzee aliyachimbia shimo akayafukia, hata ng'ombe hakuwapa. Karatasi ya ruhusa aliileta ofisini kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini jambo hili si dogo

Huenda mwingine akasema kwamba magunia matatu si kitu. Na tukumbuke mwaka wa 2004. Katika mwaka huo, kule Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu walikula mahindi yaliyoingia kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Walioonekana kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Sumu ile haiondoki kwa kupika, na si rahisi kuiona kwa macho. Ng'ombe akilishwa mahindi ya namna hiyo, sumu hupita hata katika maziwa. Mahindi hayo yaliharibika kwa sababu ya unyevu, jambo lile lile walilolipima wasichana wetu kwa chupa na chumvi.

Yafaa niseme kweli yote: chupa haipimi sumu. Tena Bodi ya Nafaka yataka mahindi yasiyozidi asilimia 13.5 ya unyevu, na chupa haiwezi kutenganisha 14 na 13. Kwa hiyo mahindi yakifaulu chupani, yaanike tena siku moja au mbili za jua kali, juu ya turubai, si juu ya udongo. Wasichana wale waliyajua haya na waliyasema mbele ya waamuzi. Mtoto akijua mwisho wa kipimo chake, hapo ndipo amejifunza sayansi.

Shamba lako ni maabara

Wazazi wengi hudhani sayansi ni jambo la mitungi na moto wa buluu. Lakini chakula tunachokula hapa kwetu kilitokana na watu waliopanda, wakalinganisha, wakaandika. Mahindi chotara ya kwanza ya kituo cha utafiti cha Kitale, yaani H611, yalitolewa kwa wakulima mwaka wa 1964. Yalizaliwa kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na mbegu iliyotoka Ekwado, huko Amerika ya Kusini. Haikutosha mtu kusema, "Naona hii ni nzuri." Walipanda mbegu hii kando ya ile, katika udongo ule ule na mvua ile ile, wakapima mavuno.

Na kwa watoto, mfano mwema ni wasichana watatu wa Kinsale, nchini Ayalandi. Mmoja wao aliona vinundu katika mizizi ya njegere alipokuwa akilima bustani pamoja na mama yake. Wakauliza shuleni vinundu hivyo ni nini, wakaambiwa ndani yake wamo bakteria wanaosaidia mmea kupata naitrojeni kutoka hewani. Basi wakauliza swali lao wenyewe: je, bakteria hao wanaweza kufaa mbegu za shayiri? Walipima maelfu ya mbegu. Wakashinda maonyesho ya nchi yao mwaka wa 2013, na mwaka wa 2014 wakashinda mashindano ya dunia yaliyoandaliwa na Google. Vinundu hivyo hivyo vimo katika mizizi ya maharagwe yako. Ng'oa mche mmoja leo, mwonyeshe mwanao.

Makosa yetu sote

Sitaki kuwalaumu wazazi peke yao. Nilipokuwa mwalimu mgeni nilimwandikia mwanafunzi wangu mmoja ripoti nzima, kwa kuwa nilitaka shule isifiwe. Mwamuzi alimwuliza swali moja tu: "Kwa nini ulitumia vyungu vitano, si kimoja?" Mtoto hakujibu. Aligeuka akanitazama mimi. Sijasahau macho yale mpaka leo. Niliiba kazi yake, nikamwachia aibu.

Basi walimu, tusiwafanyie watoto kazi. Mradi ukiwa mdogo lakini ni wa mtoto mwenyewe, wapita ule mkubwa uliotengenezwa na fundi wa mjini. Waamuzi hutoa alama kwa maandishi, kwa maelezo ya mdomo, na kwa fikira za kisayansi. Fikira hazinunuliwi dukani.

Waandaaji nao wana deni. Katika kanda, maonyesho hufanyika shuleni mjini, siku za kazi, na maelezo ni kwa Kiingereza. Mkulima akifika langoni, huulizwa amemfuata nani. Mimi naomba alasiri moja, baada ya waamuzi kumaliza, milango ifunguliwe kwa wakulima, na kila mtoto wa kitengo cha kilimo aeleze kazi yake kwa Kiswahili. Mtoto asiyeweza kumweleza mama yake alichokigundua, bado hajakielewa vizuri.

Sisi wa ofisi za kilimo pia tusijifiche. Mashine yetu ya unyevu hulala kabatini siku nyingi. Hakuna hasara mwanafunzi akiitumia nusu saa mbele ya macho yetu.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mpe mtoto swali. Usimwambie, "Nenda ukabuni kitu." Mwambie yanayokusumbua: mbona sukuma wiki ya upande ule yanyauka, mbona kuku hufa kabla ya mvua, mbona maziwa ya jioni huharibika. Mradi hufanywa na mwanafunzi mmoja au wawili, na swali moja dogo lawatosha.

Pili, mpe kipande cha ardhi, hata hatua kumi kwa kumi. Kama ataka kujua faida ya samadi, apande mistari ya samadi na mistari isiyo na samadi, mbegu ile ile, siku ile ile, palizi ile ile. Abadilishe jambo moja tu. Asipande mstari mmoja mmoja, bali arudie mara tatu au zaidi, maana mstari mmoja waweza kuangukia mahali palipokuwa boma la zamani ukamdanganya.

Tatu, asiguswe daftari lake. Aandike tarehe, kipimo na mvua, hata siku mambo yalipoharibika.

Nne, na hili ndilo gumu, ukubali jibu. Mtoto akipima akaona kwamba njia yako ya miaka ishirini haifai, usimpige wala usimfunge mdomo. Yule aliyesema maji yamo katika mahindi si yeye aliyeyatia.

Kuhusu nauli na muda wa masomo, najua si mambo mepesi. Mtihani uko mbele na karo haijalipwa. Lakini mtoto aliyepima, akaandika, akasimama mbele ya wageni na kujibu maswali, amejifunza somo ambalo hakuna kitabu kimpacho. Na kama nauli yashinda mzazi mmoja, chama cha ushirika cha maziwa chaweza kuchangia watoto wawili kwa mwaka. Faida itarudi kwa wanachama wenyewe.

Waliporudi

Huenda mwapenda kujua wasichana wetu walifikia wapi. Katika kanda walikuwa wa nne katika kitengo cha kilimo, hawakwenda taifa. Mwamuzi aliwauliza kila nyumba walipima mara ngapi. Wakasema ukweli: mara moja. Akawaambia wangepaswa kupima mara tatu, na kutoka magunia mbalimbali, kwa sababu gunia la juu na gunia la chini hayafanani. Yule binti alicheka kidogo, maana jambo hilo mama yake alikuwa amelisema tayari.

Walirudi Ijumaa. Jumamosi ile mzee wa nyumba nambari nne alikwenda kwenye baraza, akaomba nafasi. Alisimama na chupa mkononi, akatikisa mbele ya watu, akasema mahindi yake mwenyewe yalishika chumvi na magunia matatu ameyafukia. Kisha akawauliza jirani zake: "Ninyi mmepima?" Kabla ya wiki mbili kwisha, watu wengi walikuwa wamekuja ofisini kwetu na mahindi katika mifuko ya karatasi, nami niliwaandika wote daftarini.

Medali haikuja Lugari mwaka ule. Lakini mahindi yalianikwa. Basi, wakulima wenzangu, muhula ujao mtoto akikuomba mahindi kidogo au hatua kumi za shamba kwa ajili ya mradi wake, usimwambie ni mchezo. Mpe, kisha umwulize amepata jibu gani.

Ni mimi, karani wenu wa kilimo.