Tafrija ya Wawili, Kazi ya Mmoja

Miongoni mwa mambo yaliyoingia katika maisha ya miji yetu taratibu, pasipo tangazo wala amri ya mtu, ni desturi ya mume na mke kufunga safari pamoja wakati wa kiangazi, si kwa ajili ya msiba wala harusi, ambazo tangu hapo ndizo zilizokuwa sababu za kuwatoa watu majumbani mwao, bali kwa kukimbia mbio za barabarani alfajiri na kuwazuru masahibu adhuhuri. Desturi hii naiunga mkono kwa dhati, na ningependa ienee. Lakini nina sharti moja juu yake, nalo ni kwamba tafrija inayoitwa ya wawili isilipiwe kwa kazi ya mmoja.

Wazee wetu walistarehe, ila walistarehe mbalimbali. Mume alikuwa na baraza lake, kahawa yake na bao lake; mke alikuwa na shughuli zake za uzazi, unyago na harusi, na kila mmoja alirudi nyumbani na habari ambazo mwenziwe hakuzishuhudia. Simlaumu mtu kwa hayo, maana baraza lilikuwa shule na shughuli zilikuwa msaada. Hata hivyo yamkini watu waliishi pamoja miaka mingi, wakalea watoto na kuzika wazazi, na mmoja asijue kicheko cha mwenzake kikoje anapokuwa mbali na majukumu.

Tazama sasa mji wa Moshi kila ifikapo mwishoni mwa Februari, jua la kaskazi likiwa bado kali, zinapokaribia mbio za Kilimanjaro zinazokimbiwa tangu mwaka 2003. Nyumba za wageni hujaa, mabasi ya Dar es Salaam na Arusha hushusha watu wenye mabegi mgongoni na raba zinazoning'inia, na usiku wa kuamkia mbio mume na mke huinamia fulana iliyotandazwa kitandani, mmoja amebana pini kwa midomo, mwingine ananyoosha namba ya kifuani isikae upande. Kilomita 42 ni za mashujaa, 21 ni za wenye mazoezi, na 5 ni za kila aliye na miguu na nia. Wa nusu marathoni huelekezwa juu, njia ya Mweka, wakipanda baina ya migomba na mibuni, na hapo ndipo mume aliyeanza kwa mikogo hutambua kwamba mlima haumwogopi mwanamume. Uzuri wa mbio hizi ni kuwa hakuna anayelazimika kumngojea mwenzake wala kumkimbilia: kila mmoja huenda kwa pumzi zake, kisha hukutana mwisho wa njia, wakiwa na jasho la namna moja na hadithi mbili tofauti.

Kisa cha Grete Waitz wa Norway kinastahili kukumbukwa na wanandoa wote wapendao riadha. Mwaka 1978 mwalimu huyu wa shule, aliyejulikana kwa mbio za uwanjani, alikuwa amefikia kufikiri kuiacha riadha, ndipo mumewe, Jack, alipomshawishi waende New York akakimbie marathoni, kwa hoja kwamba safari ile ingekuwa kwao fungate ya pili. Grete hakuwa amepata kukimbia masafa kama yale hata siku moja. Kilomita za mwisho zilimtesa, akamghadhibikia aliyemtia katika balaa hiyo, na alipofika alivua viatu akamtupia, akiapa kwamba hatarudia tena. Kumbe alikuwa amewashinda wanawake wote, tena kwa rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 32 na sekunde 30; na licha ya kiapo chake alirudi mwaka baada ya mwaka, hata akashinda mbio zile mara 9.

Watu hucheka wanaposikia habari ya viatu, nami hucheka pia, lakini ninachokitaja kwa taadhima ni kwamba Jack, aliyekuwa pia kocha wake, hakumpeleka mkewe New York ili amshangilie yeye. Kadhalika jirani zetu wa Kenya wanaye Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na tena mwaka 2013, mama wa watoto, ambaye kocha wake ni mumewe, Gilbert Koech, aliyekuwa naye mkimbiaji. Sidai kwamba kila nyumba itatoa bingwa. Nasema tu kwamba mama wa watoto hawezi kuwa barabarani alfajiri maadamu hakuna mtu mwingine aliye jikoni.

Na hapo ndipo lilipo sharti langu. Simama kando ya barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam siku ya Jumapili kabla jua halijachomoza, uvione vikundi vya jogging vikipita kwa nyimbo na fulana za rangi moja, vifua mbele, waume za watu wakiwa tele. Ukiuliza wake zao wako wapi utaambiwa wamelala, na aghalabu jibu hilo si kweli. Mmoja anakoroga uji wa mtoto, mwingine anafua sare za shule zipate kukauka kabla ya Jumatatu, na wa tatu anamchemshia supu yule yule anayekimbia. Mbio za mke huanzia nyumbani, na mara nyingi huishia huko huko, kwa kuwa saa ambayo mumewe anaiita ya mapumziko imekwisha kupangiwa kazi na watu wasiomwuliza.

Ziara nazo zina hukumu hiyo hiyo. Kuwatembelea masahibu baada ya mbio ni nusu ya pili ya safari, na pengine ndiyo iliyo tamu zaidi, kwa sababu urafiki wa watu wawili na watu wawili una faida isiyopatikana penginepo: wake hujuana, waume hujuana, watoto hupata mashangazi na wajomba wa hiari, na siku nyumba moja inapoingia matatizo wapo wa kuisuluhisha. Lakini niliona katika nyumba moja ya Moshi jambo ambalo halijanitoka. Wageni walirudi kutoka kwenye mbio, wakaketi sebuleni na medali shingoni, wakijadiliana dakika na vilima, huku mtori wa moto, ndizi na nyama zilizopondwa zikashikana vizuri, ukimiminwa bakulini bila kukoma. Mama mwenye nyumba alikuwa naye amejiandikisha kilomita 5. Hakukimbia, kwani wageni walihitaji kula. Namba yake ilikuwa imekunjwa juu ya friji, na pini zake nne zimo bado ndani ya karatasi.

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakukusudia mwenyeji aponywe raha yake. Mgeni muungwana atafika na kitoweo mkononi, atawaambia wenyeji mapema kwamba asubuhi ya mbio watu wote watakula kwa mama lishe karibu na uwanja, na jioni, ikiwa lazima kupika, waume wawili wataingia jikoni wakamenye ndizi, ilhali wake wawili wamenyoosha miguu barazani. Hakuna heshima inayopungua kwa kushika kisu cha ndizi.

Wako watakaosema kwamba ada, nauli na malazi ni israfu kwa watu wenye karo za shule za kulipa. Maneno yao yana insafu, na jawabu lake ni jepesi: kilomita 5 za mtaani kwenu hazina ada, na sahibu aliye upande wa pili wa mji hufikiwa kwa daladala. Wako pia wanaoona haya mke wa mtu kuonekana akikimbia barabarani. Hao wakumbuke kwamba hata Boston, kwenye marathoni kongwe kuliko zote za kila mwaka, wanawake hawakukubaliwa rasmi hadi mwaka 1972, na kwamba Michezo ya Olimpiki haikuwa na marathoni ya wanawake hadi Los Angeles mwaka 1984, kwa dhana kwamba miili yao haikuumbiwa masafa hayo. Dhana hiyo leo haina wa kuitetea. Sitara haipingani na riadha, maana mwenye kutaka kujisitiri hukimbia amejisitiri, na mwendo wake haupungui thamani.

Waandaaji wa mbio wana sehemu yao: wakiweza kupata mahema ya wadhamini na majukwaa ya muziki, hawashindwi kutenga mahali salama ambapo wazazi wawili wataacha watoto wao kwa saa mbili. Lakini jambo kubwa li mikononi mwa nyumba yenyewe. Ewe msomaji mwenye mwenzi, msimu ujao, kabla hujalipa ada ya mbio wala kuwaahidi masahibu kwamba mtakuja, kaeni wawili mkaulizane nani asubuhi hiyo atawaamsha watoto, nani atapika, na nani ataosha vyombo. Na kama majibu yote matatu yana jina moja, yabadilisheni kwanza, ndipo mjiandikishe.