MBAO MBICHI ZA MOSHI SI MBAO ZA VYOMBO



Pwani yetu huletewa shehena za mbao kutoka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, na wapo wachuuzi wanaonadi kwamba zafaa kwa kila kazi, hata kuundia mashua. Mimi ni mwenye duka. Huuza misumari, pamba ya kalafati, mafuta ya sifa na mbao kidogo. Nasema bila ya kuficha: maneno hayo ni ghiliba, na atakayelipa ni mvuvi, tena kwa roho yake.

Sizitukani mbao za Moshi. Misonobari ya mashamba ya serikali huko mlimani, ambayo wauza mbao huiita paini, ni mizuri kwa mapaa. Migrivelea ya vihambani mwa Wachaga, inayotia mikahawa kivuli, hutoa meza na makabati. Lakini chombo si kabati! Paini ni mti laini. Ukikaa baharini, wadudu wa majini huutoboa. Tena miti hiyo hupandwa kwa safu, ikanyooka kama mshale. Basi fundi atapata wapi mataruma? Taruma hutafutwa mtini likiwa limekwisha pindika lenyewe, katika tawi la mwembe au la mfenesi, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo. Ukilichonga katika ubao ulionyooka, nyuzi umezikata, na siku ya kusi kali utayaona.

Na huo ubichi! Mwaka jana mchuuzi mmoja aliniuzia mbao kwa kiapo kuwa ni kavu. Msumari ukigongwa, maji yanatoka. Mbao hupangwa kivulini, vijiti baina ya ubao na ubao ili upepo upite, ncha zikapakwa mafuta zisipasuke, na kwa desturi unene wa inchi moja hutaka kiasi cha mwaka mzima. Nani katika hao anayengoja mwaka? Ubao mbichi ukipigwa na jua ufukweni husinyaa, kalafati ikalegea, na chombo kikaanza kunywa maji.

Watajibu: basi iletwe mivule na mikulo. Mivule ipo, hata msitu wa Rau kando ya mji wa Moshi. Lakini huo ni msitu wa hifadhi. Kukata miti ya asili mlimani kulipigwa marufuku mwaka 1984, na mwaka 2005 msitu wa mlima ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuta mikulo mingi imeangushwa kwa wizi. Mlima huo ndio unaounywesha mto Pangani, ambao humwaga katika bahari hii hii yetu. Siwezi kuridhia mashua ya Unguja iundwe kwa mti ulioibwa penye chemchemi ya Mchaga.

Tunachodai ni kidogo. Bandarini kila shehena iandikwe jina la mti na mwezi uliokatwa, na mkaguzi awe fundi wa vyombo kutoka Nungwi, si karani asiyepata kushika tezo. Dukani kwangu nimekwisha anza kuandika kwa chaki juu ya kila ubao. Mchuuzi asiyetaka kutaja mti wake, mzigo wake na aurudishe alikoutoa.

Mwenye Duka