Nguvu ya Kuzuia Mkono

Sisi wa Isiolo hatuhitaji kufundishwa nguvu za mwili. Shule ya askari wa miguu ya Jeshi la Kenya iko papa hapa mjini. Kila Juni, kwa majirani zetu wa Lewa, wakimbiaji hukata kilomita 21 au 42 katikati ya mbuga ya vifaru, na anayetaka kumaliza huanza kujiandaa miezi mingi kabla. Sina neno juu ya hayo. Mtume Paulo naye, akimwandikia Timotheo, alikiri kwamba mazoezi ya mwili yana faida, ila ni kidogo mbele ya faida ya utauwa. Basi nawauliza Wakristo wenzangu: utauwa nao tunaufanyia mazoezi lini?

Wapo watakaojibu upesi kwamba wanakesha kila Ijumaa. Mkesha ni mwema. Lakini tumezoea kupima nguvu za roho kwa ukubwa wa vipaza sauti na kukauka kwa koo la mhubiri, na kufunga nako kumegeuka mashindano: huyu siku tatu, yule saba. Nguvu hizo zipimwe Jumatatu sokoni, mtu anapokutukana kabila lako mbele ya watu. Zipimwe usiku ule habari zinapofika kwamba mifugo imechukuliwa, na vijana wa kwenu wanaulizana nani ana bunduki. Hapo misuli haikosekani. Anayekosekana ni mtu wa kusema, "Tusiende," akabaki na msimamo wake hata akiitwa mwoga na ndugu zake wa damu. Samsoni alimrarua simba kwa mikono mitupu, lakini siri yake ilimshinda kuitunza mbele ya Delila.

Mfano wa nguvu ninayoisema tulikuwa nao hapa hapa. Askofu Luigi Locati alitoka Italia akafika Kenya miaka ya 1960, na Isiolo ilipofanywa vikarieti ya kitume mwaka 1995, akawekwa kuiongoza. Tarehe 14 Julai 2005 alipigwa risasi akafa, katika mji huu huu. Alizaliwa 1928, alikuwa mzee ambaye angeweza kurudi kwao kupumzika na asilaumiwe na mtu. Alibaki. Kubaki namna hiyo hakufanywi kwa ushujaa wa siku moja. Ni kazi ya asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyezishangilia. Kanisa alilolilea likawa jimbo kamili mwaka 2023.

Nasikia mtu akiniuliza: mwenye njaa atasali vipi? Ana haki ya kuuliza. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa nchi, na wafugaji waliona mali ya maisha yao ikigeuka mizoga. Mhubiri aliyemwambia mtu wa namna hiyo aongeze maombi tu, bila kumpa hata kibaba cha unga, alimtukana. Lakini tazama upande wa pili: mwenye debe moja la maji anapomgawia jirani wa imani nyingine, mwili wake haumsaidii kuamua hivyo, unamkataza kabisa, nao una sababu zake. Uamuzi huo hutoka mahali palipozoeshwa zamani.

Mazoezi yenyewe hayana fahari. Funga chakula, na ulichoacha kukila kimfikie asiye nacho. La sivyo umepunguza uzito tu. Soma sura moja asubuhi kabla hujashika simu. Lipa deni la dukani kabla hujakumbushwa. Na yule uliyeacha kumsalimia tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, nenda kwake kabla ya ibada ya Jumapili, maana Yesu aliagiza sadaka iachwe kwanza pale madhabahuni. Asipoitikia salamu, mrudie wiki inayofuata.